CHAMBO HAI CHA KAMBARE, NA NAMNA YA KUKITEGA BILA KUHARIBU ZIWA

Mazungumzo kwa wavuvi wa kandokando ya Ziwa Victoria

Katika uvuvi wa ndoana, watu humsifu samaki mkubwa aliyeletwa ufukoni asubuhi, na ni wachache wanaomkumbuka yule samaki mdogo, mwenye urefu wa kidole, aliyemvuta. Lakini mvuvi wa kambare ajua kwamba kazi yake haianzi jioni atupapo kamba majini. Yaanza mchana, penye matete na mafunjo, atafutapo chambo. Akikipata cha kutosha, tena kilicho hai, usiku wake una matumaini; akikikosa, ndoana zake zote ni chuma kitupu. Mazungumzo haya yahusu kazi hiyo ya mchana: namna ya kutega samaki wadogo, namna ya kuwaweka hai mpaka jioni, na namna ya kujizuia ili mvuvi asiangamize leo kile atakachokitafuta mwaka ujao.

KWA NINI CHAMBO KIWE HAI

Kambare, ambaye Wajaluo humwita mumi, ni samaki asiye na magamba, mwenye kichwa kipana na sharubu nane. Mwenzake ni yule aitwaye mbofu, au seu kwa Kijaluo, ambaye naye ana sharubu, lakini mkia wake umegawanyika kama panda, na hupenda kukaa chini, hasa penye mawe. Wote wawili hutembea na kula zaidi wakati wa usiku, na mara nyingi katika maji yenye tope, mahali ambapo macho hayafai kitu. Hapo sharubu ndizo macho yao. Kwa sharubu hizo huonja na kupapasa, na katika ngozi zao mna viungo vidogo vinavyoweza kuhisi umeme hafifu sana utokao katika mwili wa kila kiumbe kilicho hai majini.

Kwa hiyo samaki mdogo anayetapatapa kwenye ndoana hutoa habari za namna tatu gizani: harufu yake, mtikisiko wa maji, na ule umeme hafifu wa mwili wake. Samaki aliyekufa hubaki na harufu tu. Ni kweli kwamba kambare hali kwa kuchagua sana, naye hukubali utumbo, nyama na hata samaki aliyekwisha kufa. Lakini mbofu ni mwindaji, na hasa huwinda samaki wadogo wanaokwenda. Tena chambo kilichokufa hulainika upesi na kudonolewa na kaa na samaki wengine mpaka ndoana ikabaki tupu kabla ya usiku wa manane. Chambo hai huilinda ndoana mpaka alfajiri.

SAMAKI WAFAAO KWA CHAMBO

Samaki aliyetumiwa kwa miaka mingi zaidi ni furu, ambaye Wajaluo humwita fulu. Huyu ni samaki mdogo, mgumu kiasi, apatikanaye karibu na ufuo, naye ndiye chakula cha asili cha mbofu. Samaki wadogo wa mito na vijito, walio wa jamii ya kuyu, wafaa pia. Omena, ingawa ni wengi, hawafai kuwekwa hai, kwa maana wakishatolewa majini hufa mara moja. Kambare wachanga nao hutumiwa, na habari zao zitaelezwa mbele, kwa kuwa ndani yake mna jambo zito.

MTEGO ULIO BORA

Mtego wa kale ndio ulio bora hata leo, yaani mgono, kikapu kirefu kilichosukwa kwa fito au kwa matete. Kwa kazi ya chambo, mgono wa urefu wa nusu mita hivi watosha. Mdomo wake huwa mpana kwa nje, kisha huingia ndani ukipungua kama faneli, hata tundu la mwisho likawa la upana wa vidole viwili au vitatu. Samaki mdogo hufuata ukuta wa faneli na kuingia kwa urahisi. Akitaka kutoka, hufuata ukuta wa kikapu, wala halioni lile tundu lililo katikati. Hiyo ndiyo hekima yote ya mtego huu. Nyuma yake huwekwa kifuniko cha kufunguliwa, ili samaki wamwagwe polepole bila kukwaruzwa.

Nafasi baina ya fito na fito ni jambo la maana. Zikisukwa hata maji yapite kwa shida, mtego utakamata vifaranga visivyofaa kwa ndoana yo yote, navyo vitakufa bure. Zikiachwa kiasi cha unene wa kidole cha mwisho, wale wachanga mno hutoka wenyewe, na waliobaki ndani ni wale wafaao. Hivyo mgono humfanyia mvuvi kazi ya kuchagua kabla hajafika.

Asiye na fito aweza kutengeneza mtego mdogo kwa chupa kubwa ya plastiki. Hukata sehemu ya juu yenye shingo, akaigeuza ikaingia ndani ya chupa, akaifunga kwa uzi, na kutoboa matundu mengi ubavuni ili maji yapite. Mtego wa namna hii hukamata wachache, lakini hauna gharama. Haifai kuuacha majini kazi ikiisha, kwa maana plastiki haiozi, na chupa iliyosahauliwa huendelea kuua samaki wasio na mwenyewe.

Ndani ya mtego hutiwa chakula kidogo: tonge la ugali lililokauka, pumba za mahindi zilizofinyangwa, machicha ya pombe, au kumbikumbi wakati wa mvua. Huwekwa katika maji yafikayo magotini au kiunoni, pembeni mwa matete, nao hufungwa kwa kamba kwenye mti uliochomekwa. Katika kijito, mdomo wake huelekezwa upande maji yaendako, kwa sababu samaki wadogo wengi hupanda wakikabili mkondo.

Kuhusu saa, yafaa mgono wa furu utegwe asubuhi jua likishapanda, na kutazamwa kila baada ya saa moja au mbili. Si vema kuulaza majini usiku kucha penye majani mengi. Mchana majani ya majini hutoa hewa, lakini usiku huitumia hewa hiyo hiyo, hata kabla ya mapambazuko maji ya vichakani huwa na hewa haba kabisa. Samaki walio huru huondoka mahali hapo. Waliofungwa hawana pa kwenda, na mvuvi huwakuta wamekufa.

Kwa kambare wachanga kuna sharti jingine. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, na katika maji machafu hulazimika kupanda mara kwa mara ili avute pumzi. Akifungiwa katika mtego uliozama wote, aweza kufa maji, ingawa ni samaki. Kwa hiyo sehemu ya juu ya mtego wake lazima ibaki nje ya maji.

KUWAWEKA HAI MPAKA JIONI

Samaki wengi wa chambo hawafi mtegoni. Hufa katika ndoo. Sababu ya kwanza ni msongamano, ya pili ni jua, na ya tatu ni mikono mikavu. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na samaki waliosongamana huimaliza hewa hiyo upesi. Ndoo ikae kivulini, ifunikwe kwa majani mabichi, na sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara kwa maji ya mahali pale pale. Aliyekufa aondolewe mara moja. Ndoo iliyokuwa na sabuni au mafuta ya taa haifai hata ikioshwa mara ngapi.

Mkono ulowe maji kabla ya kumshika samaki, kwa sababu ute ulio juu ya ngozi yake ndio unaomkinga na maradhi. Mkono mkavu huuondoa. Lililo bora kuliko ndoo ni kikapu chenye kifuniko, kilichofungwa ubavuni mwa mtumbwi kikielea nusu majini, ambamo maji mapya hupita wakati wote. Wala kambare wachanga wasichanganywe na furu katika chombo kimoja, kwa maana mvuvi atakuta idadi imepungua bila kujua mwizi ni nani.

Jioni, ndoana hupitishwa chini ya pezi la mgongoni, juu ya uti, pasipo kuugusa. Samaki aliyetobolewa uti hufa papo hapo, na taabu yote ya mchana hupotea. Kisha kamba ndefu, yenye vikamba vifupi na ndoana zake, hutandazwa karibu na chini, mawe yakiizamisha na maboya yakionyesha mahali pake, mpaka alfajiri.

HESABU YA CHAMBO

Sasa yafaa hesabu ndogo ifanywe. Mtumbwi mmoja wenye ndoana 300 wahitaji samaki 300 walio hai kwa usiku mmoja. Ukivua siku 20 katika mwezi, wahitaji 6,000. Mitumbwi kumi ya ufuo mmoja yahitaji 60,000 kila mwezi, bila kuhesabu wale waliokufa katika ndoo. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akiona hesabu hiyo, mgono humwonea uchungu kwa uchache wake, akakimbilia chandarua cha mbu au juya, yaani wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukoni, ili apate chambo cha siku kwa mvuto mmoja.

Mvuto huo mmoja hauchagui. Maji mafupi yenye majani ndiyo malezi ya karibu kila samaki wa thamani. Humo hulelewa watoto wa ngege, wa mbuta, wa kambare na wa furu. Juya hung'oa majani, huvuruga viota ambavyo madume ya ngege huvichimba mchangani, na kuwaleta wote nchi kavu pamoja. Mwenye kutafuta chambo huokota wale 300 awatakao, na waliosalia hukauka juani. Ndiyo sababu juya limekatazwa na sheria katika Kenya, na ndiyo sababu vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, vimepewa kazi ya kulinda mazalio ya samaki katika maeneo yao. Lakini mlinzi hawezi kusimama penye kila tete, na hivyo ulinzi wa kwanza ni mkono wa mvuvi mwenyewe.

Mkono huo wahitaji kujua alama chache. Mtoto wa ngege, au wa jamaa zake wote, huwa na doa jeusi la mviringo nyuma ya pezi la mgongoni. Huyo arudishwe majini. Furu dume huwa na madoa ya rangi ya machungwa, mfano wa mayai madogo, kwenye pezi la chini karibu na mkia. Huyo ndiye chambo. Furu jike hulea mayai na watoto wake kinywani kwa muda wa majuma mawili au matatu. Akionekana koo limevimba na kinywa kimefumbwa kwa nguvu, huyo amebeba kizazi kizima, naye aachwe aende zake kabla hajakitema kwa hofu. Ni kazi ya kutupa macho tu, wala haimpotezei mvuvi hata robo saa.

FURU WALIOTOWEKA

Pengine mtu atauliza kama samaki wadogo namna hii waweza kwisha kweli. Jibu limo katika historia ya ziwa lenyewe. Zamani furu wa Ziwa Victoria walikadiriwa kuwa wa aina zaidi ya 500, tena wengi kupita samaki wengine wote. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na tena mwaka 1962 na 1963. Katika miaka ya 1980 alienea ziwa zima, na katika muda mfupi furu wakapungua kwa namna ya kutisha. Aina zipatazo 200 hudhaniwa kuwa zimetoweka kabisa. Mbuta hakuwa sababu pekee. Maji yalikuwa yakichafuka kwa udongo na mbolea zilizoletwa na mito, hewa ikapungua katika vilindi, na nyavu zikazidi. Tangu miaka ya 1990 furu wa aina chache wamerudi kwa wingi, lakini zile zilizokwisha hazina pa kutoka tena.

Hasara hiyo si ya mvuvi peke yake. Baadhi ya furu hula konokono, na konokono wa majini ndio wabebao ugonjwa wa kichocho, ambao huwapata sana watu wasimamao katika maji mafupi penye majani, mahali pale pale pategwapo chambo. Mtega chambo apimwe hospitali mara kwa mara na kupewa dawa, wala watoto wasitumwe kuifanya kazi hii. Kiboko na mamba nao hupenda matete hayo hayo.

KAMBARE AKAWA CHAMBO

Mbuta alipokuwa samaki mkuu wa biashara, wavuvi wa ndoana waliligeuza jambo la kale. Waligundua kwamba kambare mchanga, kwa kuwa huishi muda mrefu kwenye ndoana na hustahimili ndoo yenye maji machache, ni chambo bora kabisa cha kumnasa mbuta. Basi yule aliyekuwa akitafutwa kwa chambo akawa chambo mwenyewe. Wakati wa mvua ndefu kambare wakubwa hupanda mito na kuingia katika nyasi zilizofurika ili wazae. Mayai hushikamana na majani, na huanguliwa baada ya siku moja au mbili, wazazi hawayalindi. Maji yapunguapo, watoto hukusanyika katika madimbwi na mifereji, na hapo wamekuwa wakikombwa kwa maelfu ili wauzwe.

Wahenga walisema kwamba katika nyumba ya kambare baba ana sharubu, na mtoto ana sharubu. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema hakumtambua. Akombaye dimbwi zima la kambare wachanga ajue kwamba wao ndio kambare wakubwa ambao kamba yake, au ya jirani yake, ingewavuta baada ya mwaka mmoja au miwili.

Dawa ipo, nayo imejaribiwa. Kambare jike mmoja aliyekomaa ana makumi ya maelfu ya mayai, na wafugaji wa samaki wa magharibi ya Kenya wamejifunza kumzalisha kwa sindano ya dawa itokanayo na tezi ya kichwani mwa kambare mwingine, kisha kulea vifaranga katika mabwawa. Kazi yahitaji uangalifu, maana kambare wachanga wakitofautiana ukubwa hulana wao kwa wao, na lazima wachambuliwe mara kwa mara na kutengwa kwa kimo. Lakini mwenye bwawa hupata soko karibu na nyumbani, mvuvi hupata chambo cha kimo kimoja pasipo kuingia matetini, na madimbwi ya mto huachwa yalee.

NDOO ISIYOPASWA KUVUKA

Limebaki onyo moja. Samaki wa chambo waliosalia wasimwagwe katika maji mengine yasiyo yao. Katika wilaya ya zamani ya Siaya, ambayo sasa ni kaunti, liko Ziwa Kanyaboli, lililotengwa na Ziwa Victoria na mafunjo ya bwawa la Yala. Mbuta hawezi kustahimili maji ya mafunjo yasiyo na hewa ya kutosha, na kwa ajili hiyo bwawa limekuwa ukuta. Nyuma ya ukuta huo amesalia ngege wa asili, yule aliyekuwa samaki mkuu wa masoko ya ziwa zamani na ambaye karibu ametoweka katika Ziwa Victoria lenyewe. Wamesalia pia furu ambao kwingine hawaonekani kwa urahisi. Kanyaboli wako kambare na kamongo, na wavuvi huwategea ndoana.

Basi mvuvi achotaye chambo katika Ziwa Victoria, akakipeleka Kanyaboli kwa baisikeli, aweza bila kujua kubeba ndani ya ndoo watoto wa mbuta walio urefu wa kidole. Akimwaga waliosalia jioni kwa huruma, atakuwa amewavusha ukuta ambao wenyewe hawakuweza kuuvuka tangu walipoingia ziwani. Kosa la ndoo moja haliwezi kurudishwa na serikali yo yote wala kwa fedha yo yote. Kwa hiyo kanuni ni fupi: chambo kitegwe katika maji yale yale kitakakotumiwa, na waliosalia warudishwe pale pale walipotolewa.

Mambo yote yaliyotajwa hayadai mali nyingi. Yadai mgono wenye nafasi za kutosha, kikapu chenye kivuli, mkono uliolowa, na jicho linalotofautisha furu dume na mtoto wa ngege. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtega chambo huinama kila siku. Ainamapo, na amchukue yule mdogo anayemhitaji kwa usiku wa leo, amwache yule atakayemhitaji kwa miaka ijayo. Akiba haiozi, na akiba ya ziwa imelala katika maji mafupi, chini ya matete.